Nyuzi Ndani ya Kola

Kila asubuhi Dobi alipenda kuutazama mvuke wa maji yake. Ulipanda kutoka kwenye sufuria kubwa, ukavuka ukuta wa ua, ukayeyuka kama ndoto mtu anapofumbua macho. Kando yake mumewe alikuwa akipuliza mkaa wa pasi.

Dobi alikuwa na desturi aliyoachiwa na mama yake. Nguo za kila nyumba alizifua kando, bila kuzichanganya na za nyumba nyingine, kwa maji yake ya moto na sabuni yake.

"Sitaki shati la huyu lijuane na soksi za yule," alizoea kusema.

Kisha pale kwenye kona likafunguliwa duka la kufulia kwa mashine. Bei yake ilikuwa ya chini. Wateja wa Dobi wakapungua mmoja mmoja, bila hata kuaga. Kamba za kuanikia zikabaki zikiyumba tupu.

"Na sisi tushushe bei," alisema mumewe.

Wakashusha. Nguo zikaongezeka, lakini mkaa na sabuni vikameza kila kilichoingia. Mwezi ulipoisha, kodi ya nyumba haikupatikana. Mwenye nyumba akawapa mwezi mmoja tu.

"Basi tupunguze sabuni," mume akanong'ona. "Nani ataona?"

"Kola itaona," Dobi akajibu.

Jirani yao, mama mmoja aliyestaafu kazi ya kufua nguo hospitalini, aliwasikia. Mtaa mzima ulimwita Shangazi. Akaja, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa.

"Mmeshusha bei, gharama mmeiacha juu," alisema. "Hapo mnawalipa watu ili muwafulie. Leo umechemsha maji mara ngapi, binti yangu?"

"Kila nyumba na yake, Shangazi."

"Mama wee. Unafua nguo au unapikia harusi?"

Mume akacheka. Dobi akainamisha uso, naye akacheka.

Shangazi akawaeleza taratibu. Kila nyumba ipewe uzi wa rangi yake, ushonwe ndani ya kola ili nguo zisipotee. Kisha nyeupe zote zifuliwe pamoja. Maji ya kusuuzia nyeupe yatumike kulowekea nguo chafu za kazi. Pasi ikiwa kali, waanze na suruali nzito. Ikianza kupoa, wamalizie vitambaa laini.

"Za mgonjwa tu ndizo zifuliwe peke yazo," aliongeza.

"Na hayo mashati kujuana?" Dobi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Shati halina mdomo, binti yangu."

Mchana kutwa Dobi alishona. Bluu ya fundi viatu. Kijani ya mwalimu. Njano ya nyumba yenye mapacha. Ilikuwa kana kwamba mtaa mzima umelala mapajani mwake, naye anaupapasa usiamke.

Tangu hapo gunia la mkaa likadumu mara mbili ya zamani. Bei ikabaki chini, na safari hii akiba ikabaki pia. Kodi ikalipwa kabla mwenye nyumba hajabisha hodi.

Siku moja akaingia mwenye hoteli, furushi la mashuka begani.

"Nasikia bei yenu imeshuka," alisema. "Na usafi nao umeshuka?"

Dobi akaenda kwenye kamba. Alianua shuka moja kavu, akalinyanyua juani. Mwanga ukapita katikati yake, mweupe, mtulivu, na ua wote ukang'aa.

Mwenye hoteli alitazama kwa muda mrefu. Kisha akalitua furushi lake.