Jina Aliloambiwa Kuku

"Ndovu kwa Kanga. Mtumbwi umegusa mchanga."

Klementina alibonyeza simu yake ya upepo, Motorola. "Nimekupata, Mayunga. Usisogee mpaka nione jina."

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye matete ya ufukwe wa Nassa. Darubini machoni, bastola ya Browning kiunoni, mbu masikioni. Na hasira, jamani, hasira kuliko mbu hao!

Mara tatu Novatus alikuwa ameiba jina, na sheria ikamwangalia tu.

Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye mtumbwi alijiita mwagizaji, ila Novatus alikuwa balaa jingine. Masele, fundi wa Somanda, alibuni redio inayokula mawe mawili tu ya betri tangu pamba ipandwe hadi ivunwe. Akaiita Tausi. Kabla maombi yake ya usajili hayajafika Dar es Salaam, Novatus alishasajili Tausi, na redio mbovu za ng'ambo ya ziwa zikamwagika gulioni kwa jina hilo. Masele akabadili, akaiita Radi. Likaibwa. Mwewe. Nalo likaibwa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu chenyewe kilikuwa kuwahi kusajili. Ungemkamata Novatus kwa kosa gani?

Idara ya upelelezi ikamtuma Klementina atafute siri inavujia wapi. Alitega vinasa sauti karakana nzima. Alinasa simu. Alimfuata karani wa posta hadi kilabuni. Patupu!

Mwisho, kwa kuchoka tu, alimuuliza Masele, "Baba, jina ukishalichagua unafanyaje?"

"Naenda kwa mfumu Salu, mganga wetu, mayu. Kuliulizia."

"Kuliulizia?"

"Kwa kifaranga. Namwambia jina, Salu anampasua, tunaangalia kama lina heri. Utaanzisha kitu bila kuwauliza wakubwa wa ukoo?"

"Unamwambia kwa sauti?"

"Sasa atasikiaje?"

Klementina nusura alie. Mafunzo ughaibuni, vinasa sauti vya Kijerumani, kumbe siri yote anatangaziwa kifaranga! Tena mbele ya baraza iliyojaa wagonjwa, akiwamo bwana mmoja wa magongo ambaye mguu wake haukupona asilani. Klementina alikwenda kumchungulia. Alikuwa Novatus.

Jioni ile alimpa Masele karatasi, naye akazisaini kwa hasira bila kuzisoma. Mwezi ulipopita alimwita tena. "Rudi kwa Salu. Safari hii mpe jina la mama yako."

Masele aliruka. "Milembe? Mama yangu naye wakambandike kwenye takataka zao? Ng'ombe wa ukoo nimewamaliza kwa ajili ya redio hii, mayu. Nimebaki na jina hilo tu!"

"Nenda, baba. Usiniulize."

Alikwenda. Aliporudi alisusa hata chakula.

Sasa vibarua walikuwa wanashusha mzigo. Darubini ikanasa boksi la kwanza.

MILEMBE.

La pili. MILEMBE.

Masele, aliyelazimisha kuja, alikuwa ameyaona pia. Akainuka kutoka kwenye matete kabla Klementina hajamshika.

"Wezi! Mama yangu huyo!"

"Ndovu, wafunge!" Klementina alifoka redioni.

Novatus, aliyekuwa akisimamia mzigo, alitimka. Bila magongo! Alikatiza shamba la mihogo kuelekea barabara ya Lamadi. Klementina akairukia pikipiki yake ya Honda, akampita, akamziba njia. Browning ikamtazama kifuani.

"Naona mguu umepona."

Novatus alihema, kisha akacheka. "Kosa langu lipi, dada? Tausi ni yangu. Radi yangu. Mwewe yangu. Na hilo jina mtu wangu analipeleka kusajili leo hii."

"Amechelewa. Milembe lilisajiliwa yule kifaranga akiwa bado yai. Ulizoea kuwahi, hukuuliza kama umetanguliwa. Umeingiza mtumbwi mzima wa bidhaa bandia."

Kicheko kilikatika. Za mwizi arobaini, na yake ilikuwa imetimia pale pale kwenye mihogo. Mayunga alifika na pingu.

Masele naye alifika, amelowa hadi magotini.

"Limesajiliwa? Kwa jina la nani?"

"La kwako, baba. Zile karatasi ulizosaini kwa hasira bila kuzisoma. Redio yako inaitwa Milembe, na hakuna wa kukunyang'anya."

Masele aliketi chini. Alifuta machozi kwa kofia, kisha hasira ikamrudia. "Juma zima silali, mayu! Naona nimemuuza mama! Mbona hukuniambia?"

Klementina alirudisha Browning kiunoni, akapiga Honda kiki.

"Ungemwambia kuku," alisema, akaondoka.