Mashahidi Wawili wa Neno "Bei"

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 16 Novemba 1937, karatasi kumi na mbili zilikuwa zimebandikwa kwa gundi ya unga wa ngano kwenye ukuta wa darasa la nne, katika shule ndogo ya misheni karibu na mto Sosiani, Eldoret. Nangila alizihesabu mara mbili. Ya kwake ilikuwa ya saba. Alikaa, akasimama, kisha akaenda kufungua dirisha ambalo lilikuwa wazi tayari.

"Hebu tulia, wewe," Murunga alimwambia kutoka dawati la nyuma. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Na wewe mbona umetafuna kalamu mpaka imekwisha?"

Kila mtu alikuwa na sababu ya kuhangaika. Shule ile iliishia darasa la nne. Mkaguzi wa shule angefika saa nane mchana, na kama angeridhika, darasa la tano lingeanzishwa Januari. Asiporidhika, masomo yao yalikuwa yamekwisha. Nyumbani kwa Nangila palikuwa katika kambi ya wafanyakazi katika shamba la Kaburu mmoja, maili tatu kutoka shuleni kwa barabara ya Ainabkoi. Baba yake, Mzee Walubengo, alikuwa ametoka upande wa Bungoma, naye aliendesha maksai wa shamba hilo. Msichana wa kambi aliyemaliza shule alipewa kikapu cha kuchumia pareto wiki iyo hiyo. Nangila alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mikono yake ilitosha kikapu.

Mwalimu Kipyego hakuamini kwamba mkaguzi angeshawishika kwa nyimbo na gwaride. Alimpa kila mwanafunzi neno moja fupi, akamtaka atafute maana zake katika lugha tatu zisizo na udugu. Kila maana ilihitaji mashahidi wawili waliozaliwa katika lugha hiyo, na majina yao yaandikwe.

"Kanisani hatumbatizi mtu bila mashahidi wawili," alikuwa amewaambia. "Neno nalo halitaingia darasani kwangu bila wawili."

Nangila alipewa neno "bei". Kwa Kiswahili, fundi cherehani mmoja wa mjini aliyetoka Mombasa, pamoja na mke wake, walishuhudia kwamba ni thamani ya kitu sokoni. Kwa Kinandi, Mama Jepkosgei na Mzee Kimutai walishuhudia kwamba ni maji. Murunga alikuwa amemshauri aongeze Waganda, ambao nao husema hivyo hivyo wakitaja bei ya kitu, lakini Mwalimu alikataa. Waganda walilipata neno kwa Waswahili, na Waswahili kwa Waarabu. Huo ulikuwa msafara wa neno moja, si maneno mawili.

Ikabaki lugha ya Makaburu. Andries Kriel, mzee aliyetengeneza magurudumu ya mikokoteni mjini, alimwambia kwamba kwao neno linalotamkwa hivyo ni nyuki. Huyo alikuwa shahidi wa kwanza. Nangila alijaza nafasi ya pili Jumapili jioni, akiwa peke yake.

Saa nne kasoro robo, Mwalimu Kipyego alianza kupitia karatasi kwa mara ya mwisho, mikono nyuma, akisoma kila jina. Alifika ya saba, akasimama.

"Nangila. Huyu Bibi Firimbi ni nani?"

Watoto wawili wa kambi walicheka.

"Ni mke wa Bwana, yule Kaburu wa shambani kwetu, Mwalimu."

"Alikuambia kwamba anaitwa Bibi Firimbi?"

Wafanyakazi walimwita hivyo kwa sababu ya firimbi aliyovaa shingoni na kuipuliza saa kumi na mbili kila asubuhi. Kambini hakuna aliyelijua jina lake halisi. Nangila mwenyewe hakuwahi kufikiri kwamba analo lingine.

"Mtu akiulizwa jina lake, hutaja lile alilopewa na wazazi wake," Mwalimu alisema. Hakupandisha sauti. "Hili ni jina ambalo watu humwita akiwa mbali. Ulimwuliza?"

"Hapana, Mwalimu."

"Uliliandika tu."

"Neno ni la kweli, Mwalimu! Mzee Kriel aliapa. Nyuki ni nyuki."

"Huenda ni kweli. Lakini hukuandika kwamba neno ni la kweli. Uliandika kwamba mtu fulani alishuhudia, na hakushuhudia. Sasa sijui fundi cherehani alishuhudia au la. Sijui Mzee Kimutai alishuhudia au la. Karatasi yako yote imekuwa maneno yako peke yako." Aliibandua ukutani. Ukuta ulibaki na pengo. "Ni saa nne kasoro dakika tano. Mkaguzi anafika saa nane. Amua."

Nangila alikunja karatasi, akaiweka kifuani, akatoka mbio.

Alikuwa na sababu ya kutomwuliza yule bibi. Watoto wa kambi walikatazwa kuvuka safu ya mikaratusi iliyozunguka nyumba ya Bwana. Mwaka uliotangulia, familia moja ilifukuzwa shambani kwa sababu mtoto wao alikutwa ndani ya bustani. Walibeba vyungu na mikeka, wakaenda kuanza upya Timboroa. Nangila aliwaza hayo maili zote tatu, mara akikimbia, mara akitembea, barabara ikiwa matope ya mvua ya jana.

Alipovuka mikaratusi, mbwa walibweka. Hakwenda mlango wa mbele. Alisimama hatua tano kutoka mlango wa jikoni, mikono ikionekana.

Bibi Firimbi alitoka na mikono yenye unga. Alizungumza Kiswahili cha mashambani, kile ambacho wazungu wa huko walijifunza kwa kutoa amri.

"Wewe! Nini nataka hapa? Baba yako gonjwa?"

"Hapana, Memsabu. Nina kazi ya shule. Nataka kuuliza neno moja la lugha yenu."

"Neno?"

"Bei, Memsabu."

Yule bibi alikunja uso. "Nani nakwambia hii?"

"Mzee Kriel wa magurudumu. Alisema ni nyuki."

"Kriel nasema kweli. Ile dudu ya asali." Alifikiri, akaelekeza kidole ukutani. "Lakini iko ingine. Mimi nasimama hapa, nyumba iko hapa. Hii pia sisi nasema ile ile. Karibu na nyumba. Kriel hapana sema hii?"

"Hakusema, Memsabu."

"Kriel nasahau kichwa yake." Alifuta mikono kwa aproni. "Lete karatasi."

Nangila aliikunjua. Kidole cha yule bibi kilipita kwenye majina, kikasimama kwenye la mwisho.

"Nani hii Bibi Firimbi?"

Mbwa mmoja alikuwa bado anabweka. Nangila alimfikiria baba yake, akafikiria vyungu na mikeka barabarani. Angeweza kusema ni mtu wa shamba lingine.

"Ni wewe, Memsabu. Kambini tunakuita hivyo. Niliandika bila kukuuliza. Ilikuwa uongo."

Yule bibi aliingia ndani. Alirudi na kalamu ya wino, akalikata lile jina kwa mstari mmoja, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: Hester Vermaak. Kando yake aliandika tarehe.

"Sasa nenda. Upesi. Na siku ingine kama nataka neno, pitia hapa mlango ya jikoni, hapana bustani."

Nangila alirudi darasani saa sita na nusu, miguu ikiwa na matope mpaka magotini. Aliongeza maana ya "karibu na", akaandika kando yake: shahidi mmoja tu. Mwalimu Kipyego alisoma, akaibandika karatasi mahali pake pamoja na jina lililokatwa.

Mkaguzi alitumia dakika kumi mbele ya karatasi ya saba.

"Basi Wanandi na Makaburu ni ndugu?" aliuliza. "Wana neno moja."

"Hapana, Bwana," Nangila alijibu. "Maana hazihusiani. Sauti ambazo mdomo unaweza kutoa ni chache, na maneno mafupi ni mengi. Lazima mengine yakutane."

"Na hapa? Mbona maana hii ina shahidi mmoja?"

"Kwa sababu nimepata mmoja, Bwana."

Mkaguzi aliandika kitu kwenye daftari lake, akahamia karatasi ya nane.

Alipoondoka, Mwalimu Kipyego aliwakalisha wote. "Anayeandika asichokiuliza anaharibu hata kile alichokiuliza," alisema. "Leo Nangila ameleta karatasi yenye jina lililokatwa na maana yenye shahidi mmoja. Ni chafu kuliko ya asubuhi, na mimi naiamini. Nafasi mliyoiacha wazi kwa ukweli haitawaaibisha. Mtaaibishwa na ile mliyoijaza kwa uongo."

Barua ya mkaguzi ilifika tarehe 9 Desemba. Jumatatu tarehe 10 Januari 1938, saa mbili asubuhi, Mwalimu Kipyego aliita majina ya darasa la tano. Yalikuwa tisa kati ya yale kumi na mawili. La nne lilikuwa Nangila Walubengo, naye aliitikia.