Wagonjwa Wasiotulia

Kitanda cha mashine ya mionzi iitwayo Mfuatapumzi hakikuwa na miguu. Kilielea kwa nguvu ya sumaku juu ya sakafu, kimetulia kama maji ya mtungini, huku kamera mia mbili za dari zikipima kila kuinuka na kushuka kwa kifua cha mgonjwa. Maana ini la binadamu halikai mahali pamoja. Mtu akivuta pumzi linashuka, akiitoa linapanda, na uvimbe ulio ndani yake unasafiri nalo sentimeta mbili nzima. Zamani madaktari walilazimika kuchoma njia yote hiyo, nyama yenye afya pamoja na iliyougua. Mfuatapumzi ilimwomba mgonjwa ashikilie pumzi sekunde ishirini tu, na katika sekunde hizo mwale wake ulipiga uvimbe bila kukosea hata kwa upana wa punje ya mtama. Pumzi ikicheza, mwale ulijikata wenyewe kabla mtu hajapepesa jicho.

Jumatano hiyo asubuhi ulikuwa umejikata mara kumi na tisa ndani ya dakika kumi.

Mhandisi Kabula Ndaki alisimama mbele ya kioo cha chumba cha kuongozea mashine, mikono kiunoni, akimtazama mzee aliyelala upande wa pili wa ukuta wa risasi unaozuia mionzi. Aliitwa Lushinge Masanja, mwenye miaka sabini na minne, mpima ardhi mstaafu. Ndiye aliyepima njia za magari ya kamba yanayowavusha watu wa Mwanza kutoka jabali hadi jabali. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kulala pale, na mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Mratibu, akili mnemba iliyopanga zamu za hospitali nzima, ilikuwa na sheria isiyobembelezeka: mgonjwa akishindwa mara tatu kushikilia pumzi anaandikwa "hatulii", nafasi yake anapewa mwingine, naye anahamishiwa Wodi ya Faraja. Jina zuri, lakini hakuna mfanyakazi asiyejua kwamba wodi ile watu hawatoki kwa miguu yao.

Shija, mtaalamu wa mionzi aliyekuwa zamu, alisema ndivyo wazee walivyo, mapafu yamechoka. Aliyasema bila ubaya, na Kabula mwenyewe alikuwa ameyasema hayohayo mara nyingi. Leo hakuridhika nayo. Akaukuza mchoro wa pumzi kwenye kioo.

"Pumzi iliyochoka inateremka taratibu," alisema. "Hii inaruka. Anashikilia vizuri kuliko hata vijana, halafu ikifika sekunde ya saba inaruka. Kila mara ni sekunde ya saba. Mapafu yanajuaje saa?"

Kusikiliza kilichokuwa kikiendelea mle ndani hawakuweza, kwani kipaza sauti hufungwa wakati wa tiba. Sheria hiyo waliidai wagonjwa wenyewe. Mtu akibaki peke yake na mashine huomba, hulia, na wengine hutukana, na hayo si ya kusikilizwa na watu wa zamu.

Kabula alizima mwale, akaiweka mashine kwenye hali ya mazoezi, akaingia. Mlango mzito ukajifunga nyuma yake. Akamwamkia mzee, akavuta kiti, akamwomba wajaribu tena yeye akiwa pembeni, bila mionzi yoyote.

Sauti laini ikatoka darini. "Vuta pumzi, babu. Sasa shikilia." Mzee Lushinge akavuta, akashikilia, kifua kikawa kimya kabisa. Sekunde zikahesabika. Ilipofika ya saba sauti ikasema kwa huruma, "Pole, babu."

"Nimeshapoa, mama," akajibu mzee.

Pale juu taa nyekundu ikawaka. Kama mwale ungekuwa unafanya kazi, hapo ungekatika.

Sauti ile ilikuwa ya Kabula mwenyewe. Miaka mitatu nyuma Mfuatapumzi ilikuwa ikiwaamrisha watu, vuta, shikilia, achia, na wazee walilalamika kwamba kitoto cha chuma kinawafokea. Ni yeye aliyesimama mbele ya kamati na kudai mashine ifunzwe adabu. Akarekodi mwenyewe siku mbili mfululizo: shikamoo kwa kila aliyevuka miaka sitini, na pole katikati ya kila pumzi, ili mtu asijione ametupwa. Vijana waliachiwa zile amri kavu. Hospitali ilimpa cheti, na cheti hicho mama yake alikitundika sebuleni.

"Babu," aliuliza, "kwa nini unaijibu?"

Mzee akamgeukia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Mtoto wa watu ananipa pole, mimi ninyamaze? Kwani nimegombana naye?"

"Ni mashine, babu."

"Najua ni mashine, mimi si mshamba. Lakini sauti ni ya mtu." Akamtazama vizuri. "Tena ni yako wewe."

Kabula alikiri. Akamweleza kwamba jibu moja tu, hata la neno moja, linalisogeza ini na kuukata mwale, na kwamba leo ndiyo nafasi ya mwisho. Mzee akasema basi hatajibu. Wakajaribu. Mdomo aliufunga kwelikweli, akaukaza mpaka ndevu zikasimama, lakini pole ilipokuja tumbo likajibu lenyewe na taa nyekundu ikawaka. Adabu aliyofunzwa mtoto tangu anapoanza kutambaa haitoki kwa kuambiwa mara moja. Zilibaki dakika thelathini za zamu ya mzee.

Kubadilisha maneno ya mashine kulihitaji idhini ya kamati, na kamati ilikuwa inakutana Jumatatu. Kuinyamazisha kabisa kulihitaji ufunguo uliokuwa mfukoni mwake. Akauzungusha. Kisha akamwonyesha mzee taa ndogo ya kijani: ikiwaka, avute na kushikilia, ikizimika, aachie.

"Humu ndani hakutabaki mtu wala sauti, babu. Mimi natoka. Tuagane kabisa, usiwe na wa kumjibu."

Basi waliagana. Mzee alitaka kujua wazazi wake wako wapi na kama ni wazima, na kaka zake wanafanya kazi gani. Kabula alijibu yote, ingawa Shija alikuwa akigonga kioo na kuonyesha saa. Safari hii hakumharakisha mtu. Mwishowe mzee akasema haya, nenda mwanangu, tumeshaagana, akalaza kichwa.

Taa ya kijani iliwaka mara kumi na nne. Mara kumi na nne pumzi ilisimama, laini yake ikanyooka kwenye kioo kama kamba ya mpima ardhi, na mwale haukukatika hata mara moja. Dakika nne kabla ya zamu kwisha Mratibu iliandika: tiba imekamilika. Shija alicheka kwa furaha akampa Kabula mkono. Kabula naye alifurahi, lakini furaha yake haikukaa. Akaiuliza Mratibu ni wagonjwa wangapi waliandikwa "hatulii" tangu sauti mpya ianze.

Orodha ikajitokeza kwenye kioo: sitini na mmoja. Waliozidi miaka sitini: hamsini na wanane.

Shija alisoma ile orodha mara mbili. Akamsihi aipeleke kwanza kwa kamati, tena kwa maandishi, maana akianza kupiga simu leo atakuwa amejiandikia mwenyewe barua ya kufukuzwa.

"Humu kuna watu bado wanapumua," alisema Kabula. "Jumatatu watakuwa wamepungua."

Alianza na walioandikwa karibuni, kwa kuwa hao ndio waliokuwa na matumaini zaidi. Wa kwanza alikuwa Bibi Nyamizi Kulwa wa Magu, miaka sitini na minane, aliyechukuliwa na watoto wake kutoka Wodi ya Faraja wiki tano zilizopita akauguzwe nyumbani. Simu ilipokelewa na mwanawe wa kike. Kabula alijitambulisha, akasema anamhitaji mama kwa tiba, nafasi ipo hata kesho.

Mama alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita.

Kabula alitoa pole, akashindwa kukata simu. Yule binti naye hakukata. Alisema kwamba walimgombeza sana mama yao. Daktari aliwaambia hatulii kitandani, nao wakamwambia ana kiburi, watoto wamehangaika kumpatia nafasi na yeye anacheza. Mama hakubisha. Aliomba tu msamaha, mpaka siku ya mwisho alikuwa akiomba msamaha.

Kabula alishika ukingo wa meza. Angeweza kusema mashine ilikuwa na hitilafu, na asingekuwa amesema uongo.

"Mama yako alitulia," alisema. "Mashine ilikuwa inampa pole, naye akawa anaitikia. Sauti ile ni yangu, dada. Mimi ndiye niliyeiweka."

Shija alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hayo usiniambie mimi kwenye simu," binti alisema bila kupandisha sauti. "Tuko wanane, na wote tulimgombeza. Njoo uyaseme mbele yetu, na kaburi ulione."

Kabula aliuliza njia ya kwenda kwao. Aliandika kila alichoelekezwa, kituo cha kushukia na mlango wa kubisha, akasema atafika Jumamosi asubuhi. Kisha akafuta machozi kwa kiganja na kupiga namba ya pili.