Mwokaji Aliyeweka Akiba ya Joto

Kila siku kabla hakujapambazuka, mwokaji mikate alikuwa ameshafika kazini. Aliwasha tanuri, akakata vipande vya unga uliokandwa, akavipanga kwenye trei. Chumba cha kuokea kilikuwa na dirisha moja dogo linalotazama barabara ya kupanda mlima. Kioo chake kilijaa vumbi la unga siku zote. Mwokaji hakuwa na haja nacho. Barabarani kuna nini cha kutazama saa hizo?

Alfajiri moja alikifuta kwa kiganja ili aone kama mvua imeacha. Mvua ilikuwa imeacha. Akamwona mke wake.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa kitini kutwa. Sasa alikuwa anapanda barabara kwa miguu, begi mgongoni, kofia ya sufu kichwani, na alikuwa anacheka. Bega kwa bega naye alitembea mwanamume mwenye kipara kinachong'aa. Nyuma yao walikuja watu wengine, wanaume kwa wanawake. Mwokaji hakuwaona hao. Aliowaona ni wale wawili tu.

Alisimama pale mpaka moshi ukamfikia puani.

"Bosi," mwenzake wa zamu akamwambia, akivuta trei nyeusi kutoka tanurini, "leo tunauza mikate au tunauza mkaa?"

Jioni mwokaji alirudi nyumbani na uso umemvimba. Mkewe alikuwa anapandisha pindo la suruali ya mteja.

"Yule mwenye kipara ni nani?"

"Muuguzi wa zahanati. Ndiye anayetuongoza kwenye kikundi cha matembezi. Wote tunamwita Kipara, na mwenyewe anaitika."

"Kikundi gani?"

"Si nilikwambia mwezi uliopita? Ukasema 'haya' huku unasinzia. Tunajiandaa kwenda mlima mkubwa mwisho wa msimu wa baridi. Tunalala kambini, asubuhi tunapanda kileleni. Nimeutazama ule mlima dirishani tangu niolewe, baba watoto. Safari hii nataka niukanyage."

Katika maneno yote hayo, mwokaji alisikia moja tu.

"Mnalala?"

"Kila mtu na hema lake. Ulidhani tunalala wapi, juu ya mti?"

"Basi na mimi naenda."

Mkewe aliweka sindano chini. Uso ulimchangamka. "Kweli? Njoo mazoezini basi. Mwenzako si anaweza kukushikia tanuri kidogo asubuhi?"

"Mazoezi ya nini? Mimi nabeba magunia ya unga."

"Kubeba gunia toka stoo mpaka mezani si kupanda mlima."

 Ukweli ni kwamba mwokaji hakutaka kutembea nyuma ya yule muuguzi na kusikiliza mzaha wake. Aliona afadhali ajiandae peke yake, kwa akili yake mwenyewe. Kule mlimani tatizo ni baridi. Na yeye ana tanuri. Kuna mtu gani mwenye joto kumshinda?

Basi akaanza kuweka akiba ya joto. Kazi ilipopungua, alivuta kiti mbele ya tanuri, akakaa na masweta mawili. Nyumbani alifunga madirisha yote. Hakutoka nje asubuhi, asije akapoteza alichokusanya. Maji alipunguza pia, ili kambini asitoke hemani mara kwa mara.

"Bosi, unajibanika," mwenzake alimwambia.

"Naweka akiba."

"Haya. Ukiiva uniambie."

Na kila alfajiri alifuta kioo kwa kiganja, akachungulia. Walipita. Kila walipopita, mkewe aligeuza uso kutazama dirisha. Mwokaji alijibanza nyuma ya rafu. Anatazama kama nipo, alijiambia. Anahakikisha sioni. Wivu ukampanda hadi kooni, akakosa hata hamu ya chai.

Siku ikafika ya safari ya majaribio. Walikuwa wanakwenda kilima cha karibu, walale huko, kila mtu ajue mwili wake umefikia wapi kabla ya mlima mkubwa.

"Karibu sana, shemeji," muuguzi alimwambia, akampa mkono. "Tumekusikia sana."

Shemeji wa nani, mwokaji alisema moyoni. Lakini mkono aliupokea.

Muuguzi alimtazama nguo. "Ndani umevaa fulana ya pamba, juu masweta mawili. Utalowa jasho. Vua masweta sasa, uyavae tukisimama."

"Mimi jasho nimelizoea."

"Baba watoto, msikilize," mkewe alisema. "Pamba ikilowa haikauki upesi. Mimi ni fundi, nguo nazijua. Nimekushonea fulana ya kitambaa chepesi kinachokauka upesi, hii hapa begini."

"Kaa nayo."

Wakaanza kupanda. Mwokaji alijisukuma mbele, akaingia katikati ya mkewe na muuguzi, akabaki hapo. Punde alikuwa anahema.

"Twende mwendo wa kuongea," muuguzi aliwaambia wote. "Ukiona huwezi kumaliza sentensi, punguza mwendo. Uko sawa, shemeji?"

Mwokaji alitaka kumjibu jibu la kumkomesha. Pumzi haikutosha.

Mkewe alimpa chupa ya maji. Akasema hana kiu.

"Kwenye baridi kiu haisikiki sana," alisema muuguzi. "Mwili unapoteza maji kwa jasho na kwa pumzi. Kunywa kidogo kidogo hata kama huna kiu. Na ukienda haja ndogo, tazama. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, mwili unakudai maji."

Hata mkojo wangu anataka kuujua, mwokaji aliwaza. Akairudisha chupa ikiwa imejaa.

Walifika kambini jua linazama. Upepo ulianza. Wenzake waliingia hemani upesi, wakavua nguo zenye jasho, wakavaa kavu, wakavaa kofia, wakatafuna mkate. Mkate wenyewe ulikuwa wake, mkewe aliubeba kwa ajili ya wote. Muuguzi aliusifu. Sifa ile nayo ilimuudhi.

Mwokaji hakwenda kubadili. Mkewe na muuguzi walikuwa wanafunga kamba za hema, na yeye hakutaka kuwapa kisogo. Alisimama kwenye upepo na fulana iliyolowa, akilinda. Aliletewa kikombe cha chai. Akakikataa, kwa kuwa aliyekileta ni muuguzi.

"Nishikie kamba hii uifunge pale," mkewe akamwita.

Akaishika. Vidole havikumsikia. Alijaribu fundo, likamponyoka. Akajaribu tena. Alikuwa anatetemeka sana. Akataka kusema, "Mwambie Kipara wako afunge," lakini ulimi ulikuwa mzito na maneno yakatoka yamevurugika.

Mkewe aliacha kila kitu. "Sema tena."

Alisema tena. Yalitoka mabaya zaidi.

"Kipara, njoo," mkewe aliita, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Mume wangu anaongea kama mlevi na hajanywa kitu."

Muuguzi alikuja mbio. "Mwili wake unapoteza joto kuliko unavyolitengeneza. Mtoeni kwenye upepo. Nguo zote zilizolowa zivuliwe. Nani ana nguo kavu za kumtosha?"

Masweta yake mwenyewe yalikuwa yamelowa, na begini hakuwa na mengine. Aliyekuwa na nguo za kumtosha ni muuguzi. Basi mwokaji akavishwa suruali ya Kipara, sweta ya Kipara na kofia ya Kipara. Wakamwingiza kwenye mfuko wa kulalia, chini yake pametandikwa godoro jembamba ili ardhi isimnyonye joto. Mtu mmoja akataka kumsugua miguu.

"Usimsugue," alisema muuguzi. "Na asipewe pombe. Pombe hukudanganya kuwa umepata joto, kumbe inalitoa nje. Wekeni maji ya moto kwenye chupa, muizungushie kitambaa, mumwekee kifuani. Anaweza kumeza vizuri, kwa hiyo mpeni chai yenye sukari, kidogo kidogo." Kisha akamgeukia fundi. "Nikiona hapati nafuu tunashuka naye hospitali mara moja. Na kama mwili wake uko hivi, mlima mkubwa haendi."

"Asipokwenda, na mimi siendi," alisema mkewe.

Mwokaji alisikia vizuri. Ulimi ulikuwa mzito lakini masikio yalikuwa mazima. Mke wake anautazama mlima ule tangu aolewe, na sasa anataka kuuacha kwa ajili yake. Aliona aibu kuliko alivyoona baridi.

Kikombe kilipoletwa, alikunywa.

Kutetemeka kulipungua taratibu. Vidole vikarudi, vikimchoma. Maneno yakanyooka. Muuguzi alichuchumaa mlangoni mwa hema.

"Shemeji, ulijiandaa vipi?"

Mwokaji alimweleza habari ya tanuri. Muuguzi hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza.

"Joto la tanuri haliwekwi akiba. Ukiondoka pale, limekwisha. Mlimani joto unalitengeneza mwenyewe. Misuli ndiyo jiko, chakula ndicho kuni. Mtu asiyezoea kutembea, jiko lake linachoka mapema. Na asipokula wala kunywa, halina cha kuwaka. Mwili nao unaizoea baridi polepole, ukitoka nje kila asubuhi ukiwa umevaa vizuri. Hauizoei kwa kujifungia ndani." Akasimama. "Lala. Kula kipande cha mkate kwanza, kitakupa joto ukiwa usingizini. Nitarudi kukutazama."

Akaondoka. Mke na mume wakabaki wawili.

"Unapita naye dirishani kwangu kila alfajiri," mwokaji akasema. Lilikuwa limemkaa kifuani muda mrefu. "Unacheka naye. Mimi naungua kuliko ile mikate."

Mkewe alimvuta kofia ifunike masikio.

"Kikundi kilitaka kufanyia mazoezi kwenye ngazi za uwanja wa mpira," alisema. "Ni karibu na nyumbani. Mimi ndiye niliyewaomba tupite barabara yako. Nilitaka unione, utoke, uje na mimi. Kila siku natazama kile kioo. Naona alama ya kiganja chako kwenye vumbi la unga, imefutwa sasa hivi. Mtu simwoni. Kipara ananiuliza, leo shemeji atatoka? Namwambia, leo atatoka. Hutoki."

 Mwokaji alimshika mkono. Wa mkewe ulikuwa wa moto, wake ulikuwa bado baridi.

Waliporudi mjini, kwanza alikwenda zahanati. Muuguzi alimpima presha, akamuuliza kama ana pumu, kama anaumwa kifua akipanda ngazi, kama ana kisukari. "Mwenye matatizo hayo aonane na daktari kwanza," alimwambia. "Wewe huna. Kesho alfajiri basi."

Kesho yake mwenzake wa zamu alishika tanuri. Mwokaji alisimama nje ya mlango wa chumba cha kuokea, kofia kichwani. Mkewe alimwona kwa mbali. Aliongeza mwendo.

Mwokaji alianza kwa kutembea bila mzigo. Miguu ilipozoea mlima, aliweka pakiti ya unga begini, baadaye pakiti nyingine. Alipanda ngazi za uwanja na kuzishuka, maana kushuka ndiko kunakoumiza magoti ya asiyejiandaa. Siku nyingine alipumzika, ili misuli ijijenge. Alikula ashibe, akanywa maji, akalala mapema. Buti alizivaa mazoezini mpaka zikalainika, asije akapata malengelenge safarini. Mkewe alimfundisha kuvaa nguo kwa tabaka: ya ndani nyepesi inayokauka upesi, ya kati ya sufu, ya juu ya kuzuia upepo. Akisikia joto anavua moja kabla hajatoka jasho. Akisimama anavaa kabla hajasikia baridi. Nguo za kulalia zilikaa kwenye mfuko wa plastiki, na hazikuguswa mpaka kambini.

Wivu haukwisha siku moja. Kuna asubuhi alimwona Kipara anamrekebishia mkewe mkanda wa begi, akahisi kile kitu kinapanda kooni. Safari hii alisema.

"Mke wangu, nimeona wivu."

"Sana?"

"Wa kiasi."

"Basi njoo unifunge wewe."

Akamfunga. Alifunga vibaya, mkewe akaufunga upya mwenyewe.

Mwisho wa msimu wakaenda mlima mkubwa. Kambini maji yaliganda kwenye sufuria. Mwokaji alibadili nguo mara tu walipofika, akala, akanywa chai ya yeyote aliyempa. Alilala usingizi mzito, vidole vya miguu vikiwa na joto.

Alipoamka kulikuwa kunapambazuka. Nafasi ya mkewe ilikuwa tupu. Nje ya hema alisikia watu wawili wanacheka. Mmoja alikuwa mkewe. Mwingine alikuwa Kipara.

 Zipu ya hema ilikuwa na upenyo mdogo juu, wa kutosha jicho moja. Aliutazama ule upenyo.

Kisha akavaa kofia, akavuta zipu yote mpaka chini, akatoka.

"Mnacheka nini? Na mimi nichekeshwe."

Mkewe alisogea kwenye jiwe, akampa nafasi na kikombe cha moto.

"Tulikuwa tunabishana," alisema Kipara. "Mimi nilisema utachungulia kwanza."

"Mimi nilisema utatoka," alisema mkewe.

Wakamaliza chai. Mwokaji akamfunga mkewe mkanda wa begi, na safari hii alifunga vizuri. Wakapanda kileleni pamoja, mwendo wa kuongea.