Mfalme Aliyegeuza Uso

Daktari alilazimika kumfungua marehemu vidole, kimoja baada ya kingine. Ndani ya ngumi ya kulia mlikuwa na sarafu moja ya shaba, inang'aa kana kwamba imetoka kiwandani asubuhi hiyo hiyo.

Ilikuwa Jumatano, saa mbili na robo. Marehemu alikuwa mpimaji ardhi mstaafu, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Mpimaji. Alikuwa amelala chini ya ngazi ya nyumba yake ya ghorofa moja, kichwa kwenye vigae, mguu mmoja ukiwa bado juu ya kidato cha mwisho. Macho yalikuwa wazi, meupe kama maziwa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu apofuke, na kila aliyekuwepo alilijua hilo. Hata hivyo hakuna aliyependa kusimama pale macho yale yalipoelekea.

"Shingo," daktari alisema. "Amekufa papo hapo. Kipofu na ngazi, Afande, unajua tena."

Aliyeambiwa hivyo alikuwa inspekta, mwanamke wa makamo ambaye kituoni walimpachika jina la Kobe kwa jinsi asivyokuwa na haraka. Alichuchumaa akautazama mguu wa marehemu. Suruali ilikuwa imepanda, na kwenye muundi kulikuwa na alama ya kujigonga, imenyooka kama iliyochorwa kwa rula.

"Na hii?"

"Labda kwenye kidato, alipokuwa anabingirika."

"Labda," Kobe alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali. Vidato vyote vilikuwa na kingo za mviringo.

Jikoni aliketi dada wa marehemu, fundi cherehani, mikono yake miwili ikiwa imelala juu ya meza. Mtaani walimwita Shangazi, kwa kuwa ndivyo mpwa wake alivyomwita tangu utotoni.

"Nilikuwa nawasha jiko," alisema. "Nikasikia kishindo. Nilipotoka, basi."

"Ngazi hii alikuwa akiishuka kila siku?"

"Kila siku. Bila fimbo, bila kushika ukuta. Aliijenga mwenyewe." Akaongeza upesi, "Lakini siku hizi akili yake haikuwa pamoja naye, mwanangu. Zile sarafu zilimmaliza."

"Zilimmaliza vipi?"

Shangazi alitazama dari, mahali ambapo juu yake palikuwa chumba cha kaka yake. "Alisema zinageuka."

*

Chumba cha sarafu kilikuwa cha kwanza ukimaliza ngazi. Kilikuwa na meza ndefu, kiti kimoja, kabati la trei za mbao zilizotobolewa vishimo na kutandikwa kitambaa cha buluu. Kila kishimo kilikuwa na sarafu yake, na kila sarafu ilikuwa na uso. Kobe alihisi anatazamwa na umati wa watu wadogo wenye subira.

Chumba kilinuka uvundo, akafungua dirisha. Upepo uliingia kwa kasi. Kalenda ilipiga ukuta, karatasi zikaruka mezani, hata nywele zake zikamfunika uso. Mapazia mawili mazito hayakutikisika. Yalining'inia yamenyooka, kama watu wawili waliosimama nyuma ya nguo wakizuia pumzi. Kobe hakuwa mwoga, lakini alilifungua lile la kulia kwa ncha ya kalamu kwanza, kuhakikisha hakuna mtu.

Aliokota karatasi. Kando ya mlango palikuwa na stuli fupi ya mbao. Alipoweka mkoba wake juu yake aliona mguu wa stuli umechubuka, mti mweupe ukionekana chini ya rangi. Alisimama karibu nayo. Ukingo wa kikalio cha stuli, bapa na mkali, ulimfikia kwenye muundi.

Akauchukua tena mkoba, akashuka.

*

Mtoto wa marehemu alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa mfamasia, bado amevaa koti jeupe la dukani. Majirani walikuwa wameshamwambia Kobe kwamba Jumapili iliyopita kijana huyu alisikika akimfokea baba yake hadi barabarani.

"Nilimfokea, sikatai," alisema. "Nilitaka ahamie kwangu. Kwangu hakuna ngazi. Nikamwambia hizo sarafu tuziuze, zimemfanya mfungwa. Nasikitika nilisema hivyo."

"Akajibu nini?"

Mfamasia alipapasa mifuko ya koti lake kana kwamba jibu limo humo. "Alinishika mkono, akaniwekea sarafu kiganjani. Akasema, 'Mwanangu, huyu mfalme jana alikuwa akitazama dirishani. Leo anatazama mlango.' Afande, nywele zilinisimama. Akaniambia usiku anazisikia zikihama kwenye trei, kidogo kidogo, kama panya wenye adabu. Alikuwa analia. Mimi sijawahi kumwona baba akilia, hata tulipomzika mama."

"Ulimwambia nani habari hizo?"

"Shangazi. Akasema ndivyo uzee unavyoanza. Baba naye alishaanza kukubali. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata rafiki yake, Fundi Saa, alikuwa amemkimbia. Alimtumia ujumbe kwamba amechoka kukaa na mtu anayepayuka."

"Ujumbe huo aliuleta nani?"

"Shangazi ndiye aliyempa."

Fundi Saa alikuwa mtu wa pili kuwa na sababu ya kushukiwa. Alikusanya sarafu kama Mpimaji, na jirani mmoja alimwona Jumanne jioni amesimama langoni, haingii wala haondoki. Kobe alimkuta kwenye kibanda chake, lenzi jichoni, saa nyingi ukutani zikibishana.

"Nilisimama langoni, ndiyo," alisema. "Zaidi ya mwezi nilikuwa nimekatazwa kuingia. Dada yake aliniambia pale pale langoni: hataki kukuona, anasema unazitamani mali zake. Liliniuma, kwa sababu ni kweli. Nilizitamani."

"Zote?"

"Moja." Akaitoa ile lenzi. "Mfalme wa taji mbili. Mashine ilipiga mara mbili kwa makosa, taji moja ikakaa juu ya nyingine. Tuliitafuta sote wawili tangu ujana. Raha ya kazi hii huwezi kumweleza asiyeijua, Afande. Unachambua makopo ya watu, kucha zinakuwa nyeusi, unarudi mikono mitupu mwaka hadi mwaka, halafu siku moja mfalme anakutazama kutoka kwenye kopo la misumari. Lakini kopo lilikuwa lake, si langu. Kwenye trei yangu kishimo kile ni kitupu mpaka leo. Marehemu mke wangu aliwahi kuniuliza kama nimemwoa yeye au nimekioa kishimo."

"Kwa hiyo alipopofuka uliona bora uichukue wewe mwenye macho."

Fundi Saa hakukasirika. "Niliwaza hivyo. Siku moja nikamwambia, wewe huoni, unafaidi nini? Akaniambia nifumbe macho, akanipa sarafu. Alinifundisha kuzisoma kwa kidole. Pua, kidevu, vijino vya ukingoni. Tangu siku hiyo nilimwacha na mfalme wake."

Kobe akaitoa ile sarafu ya ngumini, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Fundi Saa aliipokea, akaitazama, akakunja uso kama mtu aliyepewa chakula kilichochacha.

"Nani kaifanyia unyama huu? Imesuguliwa. Mkusanyaji hawezi kusugua sarafu, Afande. Ule weusi wa umri ndio uhai wake, ukiutoa, umeiua." Aliufungua mfuko kidogo, akanusa. "Ndimu na chumvi. Halafu si mfalme wetu huyu, ni mrithi wake. Mfalme wetu alitazama kulia kwenye sarafu zake zote. Huyu anatazama kushoto. Hizi zilikuwa nyingi kama mchanga. Mpimaji alikuwa na debe zima chini ya kitanda, takataka tupu."

Kobe aliupokea mfuko, akaufunga. "Kwa hiyo," alisema, "mzee hakuwa na wazimu."

"Kama alishika hii na kusema mfalme amegeuka," Fundi Saa alijibu, "basi alikuwa na akili kuliko sisi sote tuliomwacha."

*

Alhamisi mchana Kobe aliwaita wote watatu nyumbani kwa marehemu. Aliwaacha sebuleni na askari mmoja, akapanda juu peke yake. Walisikia hatua zake, kisha kimya, kisha sauti yake ikiwaita wapande.

Shangazi alitangulia, kama mwenye nyumba. Mfamasia alimfuata, Fundi Saa nyuma yao. Karibu na kidato cha mwisho Shangazi alisimama ghafla hata mpwa wake akamgonga mgongoni. Juu, katikati ya njia, ilikuwa ile stuli fupi.

"Nani kaiweka tena hii stuli hapa?" alisema.

Kobe alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha sarafu.

"Tena, Shangazi?"

Mkono wa mwanamke yule ulipanda mdomoni, ukachelewa.

"Sijamwambia mtu habari za stuli," Kobe alisema. "Marehemu ana alama yake mguuni. Stuli nayo ina kovu. Mtu asiyeona huijua nyumba yake kama ulimi unavyoyajua meno. Ukitaka aanguke, sogeza kitu kimoja tu. Kisha ukirudishe mahali pake kabla hujamwita daktari. Ingieni, tafadhali."

Alizitandaza trei mezani, akamwomba Fundi Saa azipitie. Mzee yule alipitisha kidole, macho ameyafumba. Kila alipofika kwenye uso uliotazama kushoto alisita, akaitoa. Ziling'aa zote.

"Mwizi anayejua sarafu asingezisugua," Kobe alisema. "Mwizi anayetaka kuuza asingehangaika kujaza vishimo vya kipofu kimoja kimoja. Mfamasia alidhani Fundi Saa amemkimbia baba yake. Fundi Saa alidhani amefukuzwa. Ujumbe wote ulipita mdomo mmoja."

"Alikuwa anaumwa," Shangazi alisema kwa sauti ndogo.

"Na sarafu zenyewe ziko wapi?" Mfamasia aliuliza.

Kobe alifungua dirisha. Upepo ukaingia, karatasi zikaruka, mapazia yakabaki yamesimama wima. Akachukua mkasi, akachana mshono wa pindo. Sarafu nyeusi za zamani zilianza kuanguka sakafuni, moja, nyingine, nyingine tena, zikibingirika hadi kwenye miguu yao. Mfamasia alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Alipita hapa kila siku," alinong'ona. "Yalikuwa yanamgusa begani."

"Mshono mzuri," Kobe alimwambia Shangazi. "Wa fundi."

Shangazi aliketi kwenye kiti cha kaka yake. Hakulia.

"Macho yalipokwisha, Mungu anisamehe, nilifurahi," alisema. "Nilisema sasa atarudi kwetu. Atakaa jikoni tuzungumze, atasikiliza redio nami. Nilikataa posa mbili kwa ajili ya kumtunza yeye na mtoto wake. Yeye akapanda huku na vidole vyake, akafunga mlango. Vidole vile vimepapasa nyuso zote za mle kwenye trei. Uso wangu hakuugusa hata siku moja, ajue nimezeeka vipi."

"Ndipo ukaanza kuzigeuza."

"Nilitaka aone vidole navyo vinamdanganya, aziache. Nilikuwa nachukua za debeni, nazisugua kutu isije ikamkwaruza. Sikujua mambo ya kulia na kushoto. Mie kwangu mfalme ni mfalme." Alipumua. "Jumanne usiku alininyooshea moja, akaniambia, 'Hii inanuka jikoni kwako.' Hakugomba. Ningeshukuru kama angegomba. Akasema kesho asubuhi atamwita Fundi Saa, halafu atahamia kwa mwanawe. Mimi je, nihamie wapi? Nilitaka avunjike mguu tu. Abaki."

"Unasema ulikuwa unawasha jiko."

Shangazi alitikisa kichwa. "Nilikuwa chini ya ngazi. Kila asubuhi kabla hajashuka huita, 'Upo?' Nami hujibu, 'Nipo,' ndipo anashuka kwa kufuata sauti. Siku ile akaita. Sikujibu. Akaita tena. Nilikuwa namwona kabisa, kasimama hapo mlangoni, kageuza sikio. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa na hofu. Alidhani nimepatwa na jambo." Alimtazama mpwa wake kwa mara ya kwanza. "Alikuja mbio, baba. Alikuwa anakuja kunitafuta."

Mfamasia alifunika uso kwa mikono na kuteleza ukutani hadi akakaa sakafuni. Fundi Saa alikuwa amepiga magoti kati ya sarafu, na kiganjani mwake alishika mfalme mmoja mweusi mwenye taji mbili. Aliitazama sarafu ile kwa muda, kisha akamnyooshea Kobe, kama mtu anayerudisha kitu kisichokuwa chake.

Kobe alimshika Shangazi mkono na kumwinua. Wakaanza kushuka pamoja. Kulikuwa kweupe, taa ya ngazi inawaka, na bado kila kidato Shangazi alikijaribu kwanza kwa ncha ya kiatu, huku mkono wake wa pili ukiutafuta ukuta.