Nusu ya Punje

Jamani, adabu inaponza. Nililelewa hivi: ukipewa kahawa ya kutafuna, unapokea. Kuikataa ni kumkataa mwenye kuitoa. Laiti ningekuwa mshenzi siku ile!

Saa kumi na mbili jioni nilipanda pikipiki kutoka Ihembe, ninakofundisha, hadi Kihanga kwa mzee Gosbert. Huyu alikuwa fundi wa ndege jeshini. Alipostaafu akakusanya ndege tatu kuukuu za kivita, akazijengea banda la mabati kando ya migomba yake, akaliita makumbusho. Darasa langu lilikuwa liende kesho yake, nami nilitumwa kupeleka barua ya shule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu Nolasco. Tangulia ndani, nafunga ng'ombe nakuja."

Nikatangulia.

Ndani kulinuka mafuta ya taa na chuma cha zamani. Ndege mbili zilikuwa nzima, au karibu nzima. Ya tatu ilivunjika pua, na ubavu wake ulitoboka. Kibao kilisema ilianguka wakati wa Vita vya Kagera, na rubani hakupatikana.

Chini ya bawa lake... mtu alikuwa amechuchumaa.

Kijana, amevaa ovaroli. Nikajua ni fundi. Nikamsalimia, akatabasamu, akatoa punje moja ya kahawa mfukoni na kuing'ata katikati. Nusu akabaki nayo mdomoni, nusu akaninyooshea.

"Karibu, ndugu yangu," alinong'ona. Lafudhi yake ilikuwa ya ng'ambo ya mto Kagera, kwa waliokuwa adui zetu vitani.

Ile nusu ilikuwa na majimaji. Nikasita, kisha adabu ikanishinda. Nikatafuna. Ilikuwa na chumvi.

"Una watoto?"

"Mmoja tu, Ainebyona. Ana miaka mitano."

"Ainebyona," akarudia taratibu. "Basi na mimi nina mtoto."

Nilicheka. Mjinga mimi, nilicheka!

Gosbert akaingia na tochi. Chini ya bawa hapakuwa na mtu.

"Unatafuna nini, mwalimu?"

"Kahawa. Fundi wako kanipa."

"Sina fundi." Akanimulika mdomoni. "Kakupa ngapi?"

"Nusu."

"Tema!"

Nikatema kiganjani. Damu... na haikuwa yangu.

Mzee aliketi chini palepale. Hakuwa na haja ya kunieleza, maana hata babu yangu alifanya hivyo na rafiki yake: punje moja, nusu kwa nusu, imepakwa damu. Omukago. Mkishaila mmekuwa ndugu. Nyumba yako ni yake, mwanao ni wake. Akikuomba kitu humnyimi, na ukimnyima tumbo linavimba mpaka likuue.

"Hata mimi yule hunipa kila nikiingia peke yangu," alinong'ona Gosbert. "Nakataa. Nilidhani ananijia mimi tu... Nisamehe, mwanangu."

"Na akiniomba mtoto?"

Akanisukuma nje, kwenye pikipiki.

Niliendesha pikipiki kwa kasi ya mwizi. Kwenye mlima wa kwanza ikaanza kuzidiwa, kama imepakia mtu. Sikugeuka. Niliogopa kugeuka. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa shingoni kwangu.

Nyumbani, mke wangu Kokuhirwa alikuwa ameandaa ndizi kwenye sahani nne. Sisi tuko watatu.

"Mgeni yuko wapi? Ainebyona kasema unakuja na baba mkubwa."

Mtoto akatoka mbio, akanipita, akainua mikono juu kule nyuma yangu.

Miguu yake ikaachana na ardhi.

Kokuhirwa alipiga yowe. Ainebyona alikuwa akicheka, yuko juu kuliko kichwa changu, na hakuna aliyembeba.

"Baba," alisema, "baba mkubwa anaomba anipeleke kwenye ndege yake. Unakubali?"

Nilimvuta miguu, nikamshusha, nikamkumbatia kwa nguvu mpaka akalia. Sikujibu kitu. Hii ni wiki ya tatu na bado sijajibu. Nimejidanganya kwamba kunyamaza si kunyima. Safari ya shule niliahirisha, mchungaji amekuja kutuombea mara mbili, na kila jua likizama mtoto anakaa mlangoni na kuniuliza swali lilelile.

Leo asubuhi suruali yangu ya kazini imekataa kufunga. Kokuhirwa amenitafutia kamba, akanifunga kiunoni, na hakuniangalia usoni.