Ukuta Uliovishwa Mabuti

"Ukuta huu utakaa miaka mia," alisema fundi, akaupiga kofi kama mtu anayempongeza ng'ombe wake. "Nimeupiga lipu ya saruji kila kona. Hakuna hata inchi moja niliyoiacha. Mama, chumba chako sasa ni jiwe tupu."

Mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni. Aliutazama ukuta. Akalitazama kabati lake kubwa la nguo lililosimama pale pale siku zote. Kisha akamtazama mkwewe. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Watu wa mtaa walimwita fundi huyo Karne. Karne ni miaka mia, naye hakuwahi kumaliza kazi bila kuipa miaka hiyo. Banda la kuku: miaka mia. Ngazi ya mbao: miaka mia. Siku moja aliupigilia msumari mguu wa meza ya jirani, akaipa meza nayo miaka mia. Ilisimama mpaka Alhamisi.

Lakini tusimseme mtu vibaya. Fundi Karne alikuwa mchapakazi, na alimpenda mama mkwe wake. Nyumba ile ilikuwa ya mama huyo. Babu yake aliijenga kwa mawe na chokaa, kuta nene kama urefu wa mkono. Mama alizaliwa katika chumba hicho hicho cha chini, chenye dirisha linalotazama barabara. Binti yake, mke wa Karne, alikuwa mshonaji. Cherehani yake ililia sebuleni kuanzia asubuhi.

Msimu wa kwanza wa mvua ulipita salama. Karne akatembea kifua mbele. Msimu wa pili, ukuta ukaanza kutoa jasho. Doa la maji lilianzia chini, usawa wa kifundo cha mguu. Karne akalifunika kwa saruji. Doa likapanda hadi magotini. Akaongeza saruji. Likapanda hadi kiunoni.

"Huu ukuta una kichwa kigumu sana," alilalamika.

"Umempata mwenzake," alijibu mkewe bila kuinua macho kwenye cherehani.

Asubuhi moja, mama akiwa jikoni, walisikia kishindo. Kipande cha lipu kipana kama mkeka kilikuwa kimeanguka kitandani kwake. Hakikuanguka peke yake. Kiling'oka na mawe mawili ya ukuta. Mama alikuwa ameanza kukohoa kwa unyevu wa chumba, lakini hilo la mawe lilikuwa jipya.

Mkaguzi wa majengo akaja. Aligonga hapa, akagonga pale, akachora alama nyekundu juu ya mlango.

"Nawapa miezi minne," alisema. "Ukuta ukiendelea kumomonyoka, chumba hiki kitafungwa. Hakuna atakayelala humu."

Alipoondoka, mama alivuta sanduku lake chini ya kitanda. Akaanza kukunja nguo, moja baada ya nyingine.

"Mama, unakwenda wapi?" aliuliza Karne.

"Kwa mdogo wangu, ule mji wa mbali. Heri nitoke na miguu yangu kuliko kutolewa."

"Nitaongeza saruji, mama! Safari hii nitaweka nzito."

Mama aliendelea kukunja.

Jioni hiyo aliingia jirani wa nyumba ya pili. Mwanamke huyo alifanya kazi makumbusho, na kazi yake ilikuwa kutengeneza majengo ya zamani. Nguo zake zilikuwa na madoa meupe siku zote. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na karatasi mkononi.

"Hodi wenyewe! Nawaletea habari njema. Tunaandaa matembezi ya mtaa wetu. Wageni na wenyeji watazunguka pamoja, wasikie nani alijenga nini, na watu waliishi vipi. Halafu kutakuwa na warsha za kujifunza kutunza nyumba hizi. Nataka nyumba yenu iwe kituo cha kwanza."

"Kituo cha kwanza?" Karne alicheka kwa uchungu. "Dada, umeiona hiyo alama nyekundu? Waonyeshe wageni nyumba mpya, yenye vigae. Hili ni jumba bovu. Mawe yake yamezeeka."

"Yamekaa kabla hujazaliwa, yakazeeka miaka miwili hii uliyoyapaka saruji?"

Mshonaji alisimamisha cherehani. Hili alitaka kulisikia vizuri.

Jirani aliingia chumbani. Akagusa ukuta, akanusa vidole. Kisha akaitazama miguu ya Karne. Alikuwa amevaa mabuti yake ya kazini, ya mpira, marefu hadi magotini.

"Shemeji, umeyavaa tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri."

"Hebu yavue."

"Mbele ya mama mkwe? Dada, kuna heshima hapa!"

"Vua, mwanangu," alisema mama. "Nimeshaona mengi."

Karne akavuta buti moja. Mguu ulitoka mweupe, umekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Harufu nayo ikatoka, ikasalimia kila mtu.

"Leo ulikanyaga maji?" jirani aliuliza huku ameziba pua.

"Hapana. Ni jasho tu. Buti halipitishi hewa."

"Basi ndivyo ulivyoufanya ukuta wa mama. Umeuvisha mabuti."

Karne alikunja uso. Jirani akakaa kwenye kigoda, akaeleza taratibu.

"Ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Ardhi ina maji. Maji hayo hupanda ndani ya ukuta, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Lipu ya chokaa ni laini. Maji yanapita ndani yake, yanatoka nje, jua na upepo vinayachukua. Saruji ni ngumu na inafunga njia. Maji yakikosa njia ya kutoka, yanatafuta nyingine. Yanapanda juu. Yanaleta chumvi, na chumvi hiyo inasukuma lipu mpaka inang'oka. Na kwa kuwa saruji ina nguvu kuliko mawe haya, ikianguka haikubali kwenda peke yake."

"Kwa hiyo kila nilipoongeza saruji..."

"Ulilifunga buti hadi juu zaidi."

"Lakini saruji ni kitu kizuri!"

"Nani kasema kibaya? Kwenye nyumba ya saruji ni mahali pake. Buti pia ni zuri, shemeji, lakini hulali nalo."

"Usimpe mawazo," alisema mkewe.

Karne hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. "Nitaaminije? Ukuta wote una saruji. Hakuna mahali pa kulinganisha."

Jirani alilitazama kabati. "Na nyuma ya hilo?"

"Huko nyuma ni hivyo hivyo," Karne alijibu upesi. "Kila kona. Hakuna haja ya kujisumbua, ni zito sana."

"Lisogezeni," alisema mama.

Alilisema polepole, lakini hakuna aliyebaki amekaa. Walisukuma watu watatu. Kabati likalia, likasogea.

Nyuma yake hapakuwa na saruji hata chembe. Karne alikuwa amepiga lipu kulizunguka kabati, kama mtu anayefagia na kuukwepa mguu wa mgeni. Lakini hapo nyuma, lipu ya zamani ya chokaa ilisimama kavu na imara, ya rangi ya maziwa. Juu yake kulikuwa na alama za viganja. Viganja saba au vinane, vidole vimetanuka. Kimoja kilikuwa kidogo sana, chini, karibu na goti.

"Kila kona, eh?" alisema mshonaji.

Karne alikuwa akilowa jasho, mguu mmoja ndani ya buti, mwingine peku.

Mama alipiga magoti taratibu. Akaweka kidole chake juu ya kile kiganja kidogo.

"Huyu ni mimi," alisema. "Nilikuwa na miaka mitano. Mama yangu na mama zangu wadogo ndio waliolainisha ukuta huu, kwa mikono. Walipomaliza, kila mmoja akaacha kiganja chake. Mimi nililia mpaka nikaruhusiwa nami nikaweka changu. Huyu ni mama. Huyu, mwenye kidole kifupi, ni mama mdogo. Wote hawapo tena."

Karne alipiga magoti kando yake.

"Mama, mbona hukuniambia siku ile?"

"Mkwe akiwa na furaha juu ya ngazi, hakatizwi. Nikasema moyoni, angalau kabati halijaguswa."

Karne aliinama. Kisha akamgeukia jirani. "Dada, naanza na nini? Nipe kazi. Muda tunao?"

"Miezi minne inatosha, ukiacha haraka. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Dawa ya jeraha ni kumwondoa anayekukata."

Kesho yake wakazunguka nje. Mfereji wa paa ulikuwa umetoboka, ukimwaga maji yote kwenye mguu wa ukuta. Karne aliupita kila siku. Akauziba, akachimba mtaro wa kuyapeleka maji mbali. Kisha akaanza kubandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo. Alitaka nyundo kubwa. Jirani akamnyang'anya.

"Huvunji jela, shemeji. Unamvua mgonjwa nguo."

Saruji ilipokwisha, ukuta uliachwa wazi wiki sita ukauke. Madirisha yalifunguliwa kila siku. Mama alilala na binti yake sebuleni, na sanduku lake likakaa mlangoni, limefungwa. Karne alilipita kila asubuhi. Kila asubuhi lilimtazama.

Ndipo ikafika siku ya warsha. Watu wa mtaa walijaa uani, wazee kwa vijana. Jirani alileta pipa la chokaa laini kama siagi, iliyolowekwa majini miezi mingi huko makumbusho.

"Chokaa mbichi inapokutana na maji huchemka na kuunguza," aliwaonya. "Kuiloweka ni kazi ya aliyefundishwa, msijaribu nyumbani. Hata hii iliyokwisha kulowekwa inakula ngozi na macho. Vaeni glavu na miwani. Ikimwingia mtu jichoni, aoshe papo hapo kwa maji mengi safi, kisha aende hospitali. Shemeji, miwani!"

"Mimi ni fundi wa miaka ishirini."

"Na macho yako ni ya miaka mingapi?"

Watu wakacheka. Karne akavaa miwani.

Walichanganya kipimo kimoja cha chokaa na vipimo vitatu vya mchanga safi. Walilowesha ukuta kwanza, ili usinyonye maji ya lipu. Walipaka tabaka jembamba, lisilozidi unene wa kidole kidogo. Wakafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa sababu chokaa ikikauka upesi hupasuka. Wakangoja siku kadhaa kabla ya tabaka la pili. Sehemu yenye viganja hawakuigusa. Waliipangusa vumbi kwa brashi laini, basi.

Kungoja ndiko kulikomtesa Karne. Kila saa alifunua gunia na kuchungulia.

"Unapika wali?" mkewe alimuuliza. "Funika!"

Tabaka la mwisho lilipokamilika, Karne alirudi nyuma hatua mbili. Mkono wake ulipanda wenyewe kuupiga ukuta kofi.

"Huu sasa utakaa miaka..." Akamwona jirani. Akamwona mama. Mkono ukashuka. "Utakaa tukiutunza," alisema.

Mkaguzi alirudi mwezi wa nne. Aligonga ukuta, akaweka kiganja chake, akakitazama. Kilikuwa kikavu. Akachukua kitambaa na kuifuta ile alama nyekundu mwenyewe. Alipotoka tu, mama alifungua sanduku na kuanza kurudisha nguo kabatini, moja baada ya nyingine. Kabati sasa lilisimama upande mwingine. Chumba kilinukia chokaa na hewa safi. Kikohozi kilikuwa kimepungua, na ziliposhuka mvua zilizofuata, mama alilala kitandani kwake, ukuta mkavu ubavuni.

Siku ya matembezi, watu arobaini walisimama nje ya nyumba. Wengine walitoka mitaa ya mbali. Jirani aliwaeleza habari za mtaa, kisha akamkaribisha Karne awaeleze ya chumba. Alikuwa amevaa shati jipya, mshono wa mkewe, na viatu vya wazi. Alieleza vizuri: maji, utambi, chokaa, mabuti. Hata mguu wake alionyesha. Mafundi wawili walimuuliza kama atawafundisha, akawapangia Jumamosi.

Kisha mgeni mmoja, mwanamke mwenye daftari, akavielekea viganja. Mama alikuwa amekaa kando yavyo kwenye kiti chake, kimya, mikono mapajani.

"Hivi ni vya ajabu," mgeni alisema. "Ukuta mzima ulikuwa umefunikwa saruji, hivi vikapona. Nani alivihifadhi?"

Karne alitazama macho arobaini yaliyokuwa yakimngoja, kama si themanini. Kifua kikajaa. Ulimi ukamtoka mbio, na akili haikuukamata.

"Ni mimi," alisema. "Siku ile nilipokuwa nikipiga saruji, niliona mbali. Nikajisemea, hapana, hapa pana historia, sehemu hii niiache kwa makusudi."

Daftari likaandika. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mama mkwe alikohoa kidogo. Hakikuwa kikohozi cha unyevu.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliyeona mbali siku ile ni kabati. Wewe uliona ni zito."